Niya ya Mwenye Kusafiri Kwenda Guangzhou

Ndugu msomaji, limekuwa jambo la kawaida katika miji yetu ya pwani mtu kusema, "Nakwenda Uchina," kama wazee wetu walivyokuwa wakisema, "Nakwenda Lamu." Wengi wa hao waendao huuelekea mji wa Guangzhou, ulioko kusini ya nchi hiyo, kando ya Mto wa Lulu. Nao huulizana mambo mengi kabla ya kuondoka: nauli ni kiasi gani, viza hupatikanaje, chakula cha halali kiko mtaa gani, na bidhaa gani ni rahisi. Maswali hayo yana haki yake. Lakini liko swali jingine ambalo ni wachache wajiulizao, nalo ndilo tutakalo kulitazama hapa: Wema au ubaya wa safari huamuliwa wapi? Huamuliwa kule sokoni, au huamuliwa hapa nyumbani, siku mtu anapoipanga?

Jawabu letu ni kuwa huamuliwa nyumbani. Kule sokoni hudhihiri tu yale ambayo mtu alikwisha yabeba.

Tuanze na jina la safari. Wako watu ambao, wakiulizwa kwa nini wanakwenda, huitaja ile kauli mashuhuri ya kuamrisha kutafuta ilimu hata Uchina, wakainasibisha na Mtume (s.a.w.). Yapasa ijulikane kwamba wanavyuoni wa hadithi hawakuithibitisha kauli hiyo. Ibn al-Jauzi ameihesabu miongoni mwa hadithi za kuzuliwa. Na hata lau ingalikuwa sahihi, ingalimhusu mwenye kutafuta ilimu, si mwenye kutafuta viatu vya jumla. Biashara ni halali kwa nafsi yake. Haina haja ya kuazimwa kanzu ya ilimu. Aitaye safari yake kwa jina lake la kweli aweza kuipima: nakwenda kununua, kwa hivyo nitapimwa kwa mizani ya ununuzi. Ama aivishaye jina la kupendeza amejinyima mizani hiyo.

Jambo hili huonekana mapema sana, tangu kwenye karatasi za viza. Serikali ya Uchina hutoa viza ya namna moja kwa afanyaye biashara na ya namna nyingine kwa aendaye kutembea. Mtu akiwa amekwisha fanya hesabu ya kontena, kisha akaandika kwamba aenda kutazama mji, ameianza safari yake kwa uwongo, wala hajafika uwanja wa ndege. Viza ni ruhusa ya mwenye nyumba kwa mgeni wake, na kukubali ruhusa ni kukubali masharti yake. Miongoni mwa masharti hayo ni kuandikishwa kwa polisi katika muda wa saa 24 tangu kufikia, jambo ambalo hoteli humfanyia mgeni wake, lakini anayelala kwa rafiki humlazimu alishughulikie mwenyewe. Na sharti jingine ni kuondoka siku zikimalizika. Asiyetaka kutimiza haya asiombe ruhusa.

Wala ugeni wetu katika mji huo si wa jana. Waarabu waliuita Khanfu, na katika habari zilizoandikwa mwaka 851 imetajwa kwamba mtawala wa Uchina alimweka huko Mwislamu wa kuhukumu baina ya wafanyabiashara wa Kiislamu. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa kadiri ya mita 36, ungalipo, na watu wauswalia hata leo. Ibn Battuta, ambaye alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, asimulia pia kuhusu safari yake ya Uchina na mji huu, aliouita Sin Kalan. Katika masimulizi yake ya nchi hiyo ataja jambo la kuzingatiwa: mfanyabiashara Mwislamu akifika, mali yake hushikwa na mwenyeji wake kuwa ni amana, akamtumilia kwa haki, na ikipungua humlazimu alipe. Aeleza ya kuwa Wachina hawakupenda isemwe katika nchi za Kiislamu kwamba watu hupotelewa na mali zao kwao. Basi tazama, ndugu yangu: watu hao walichunga sifa ya mji wao mbele ya wageni. Je, sisi twachunga sifa gani tunapokwenda kwao?

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa. Imekuwa ada yetu kitu kikivunjika upesi kusema, "Hiki cha Kichina." Neno hilo si la uadilifu. Guangzhou ni mji wa watu zaidi ya milioni 18 kwa hesabu ya mwaka 2020, na katika maonyesho yake makubwa ya biashara, ambayo yalianza mwaka 1957 na hufanywa mara mbili kwa mwaka, hupatikana bidhaa njema na bidhaa dhaifu. Kiwanda humuuliza mnunuzi, "Wataka ya bei gani?" kisha humtengenezea alichokitaka. Waya wa umeme wenye shaba haba haukuja Mombasa kwa miguu yake. Yuko mtu wa kwetu aliyekaa kitini akasema, "Punguza shaba, punguza bei, na nembo uweke ile mashuhuri." Mtu huyo ndiye mwenye kitu hicho. Ubaya ni wa Kimombasa, ingawa uliundwa Guangzhou.

Atasema msemaji, "Watu wetu ni maskini, hawawezi kununua cha ghali." Neno hili lina haki nusu. Kikombe chepesi kiuzwacho kwa jina la kikombe chepesi ni halali, na humfaa maskini. Ama waya uunguzao nyumba, breki zisizoshika, na dawa isiyo na dawa ndani yake, hivyo maskini hakuviomba. Yeye aliomba bei ndogo, naye akapewa hatari aliyofichwa. Urahisi si ghushi. Ghushi ni kuficha. Ndiyo sababu ya serikali ya Kenya kuweka tangu mwaka 2005 ukaguzi wa bidhaa kabla hazijapakiwa meli, na sheria ya mwaka 2008 ya kupiga vita bidhaa bandia. Lakini mkaguzi hawezi kufungua kila sanduku, na mwenye niya mbovu hupanga namna ya kumpita tangu hajaondoka nyumbani.

Wako wengine watakaosema, "Mipango yote hii ya nini? Mtu atawakali tu, na akifika ataona." Huku ndiko kutojua maana ya tawakuli. Kila mtu amesikia habari ya yule bedui na ngamia wake. Kufunga ni juu yetu, na kulinda ni kwa Mungu. Mwenye kwenda bila ya kuamua ataamuliwa. Atafika amechoka, lugha haijui, fedha za watu ziko mkononi, tarehe ya kurudi i karibu, na mbele yake mtu amwonyesha nembo ya uwongo yenye faida maradufu. Saa hiyo si saa ya kuanza kufikiri halali na haramu. Aliyekwisha andika nyumbani kwamba bidhaa za namna hiyo hatazigusa, yeye ana neno la kumjibu muuzaji na la kuijibu nafsi yake.

Na wako wasemao, "Wao walitudhulumu." Ni kweli kwamba Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, Waafrika wengi katika mji huo walitolewa majumbani mwao na kukataliwa katika mahoteli, hata mabalozi wa Afrika wakalalamika. Dhuluma hiyo yafaa ikumbukwe na isemwe. Lakini waya mbovu hauli nyumba ya aliyedhulumu, waila nyumba ya jirani yako wa Majengo. Wala chuki haikuwa hata siku moja hoja ya kuacha uadilifu.

Basi mwenye kutaka kwenda na achukue karatasi kabla ya tikiti. Aandike fedha ni za nani: zake ni ngapi, za deni ni ngapi, na za amana ni ngapi, kwani za amana haziingizwi katika kamari ya bidhaa asiyoijua. Aandike bidhaa azitakazo na kiwango chake, na achukue sampuli, apate kulinganisha itakayokuja na iliyoagizwa. Alipe madeni yaliyofika, aandike wasia, na aache masurufu ya watu wake. Na awaambie ya kuwa WhatsApp imefungwa huko, wakubaliane njia nyingine ya kupata habari, wasikae kwa hofu. Ajue mapema swala ataziswali wapi, na kwamba mtaa wa Xiaobei una vyakula vya halali, asije akaifanya dharura kuwa udhuru.

Karatasi hiyo ikijaa kwa ukweli, safari imekwisha kuwa njema, ijapokuwa faida itakuwa ndogo. Na mwenye kushindwa kuandika mstari mmojawapo kwa kuona haya, basi na ajue kwamba hapo pana swali ambalo hatalikimbia kwa kwenda mbali, wala halitajibiwa na Guangzhou. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.