Kutoka Mema Hadi Baya, Herufi Moja Moja

Stima ilipotea saa mbili usiku, kama kawaida yake. Nilikuwa nimekuja nyumbani Budalang'i kwa wiki moja, na simu ilikuwa na asilimia 4. Mdogo wangu, aliye gredi ya sita, akawasha taa ya sola akaleta daftari. "Haya, nipe ingine."

Alitaka ngazi ya maneno. Mchezo wenyewe ni rahisi. Unapewa maneno mawili yenye herufi sawa kwa idadi, utoke la kwanza ufike la pili ukibadilisha herufi moja tu kila hatua. Sharti ni kwamba kila neno la katikati liwe neno la kweli. Maji inakuwa mali kwa hatua moja, jambo ambalo mkulima wa mpunga hapa Bunyala angelikubali, na aliyebebewa nyumba na mafuriko angelikataa.

Nikamwambia atoke mema afike baya. Mimi pia nikajaribu upande wangu. Yangu ikawa hivi: mema, sema, soma, koma, kama, kaya, baya. Nikajiona msomi. Kisha akanionyesha yake: mema, mama, kama, kaya, baya.

"Yako ni ndefu bure," akasema. "Mimi nimepitia kwa mama."

Akacheka, akaenda kulala. Mimi usingizi haukuja.

Aliyebuni mchezo huu ni Lewis Carroll, yule wa hadithi ya Alice. Jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu pale Oxford. Aliutunga Krismasi ya mwaka 1877 kwa ajili ya wasichana wawili waliokuwa wamekosa la kufanya, na mwaka 1879 ukaanza kuchapishwa katika jarida la Vanity Fair la London. Kwa Kiingereza alitoka kwenye kichwa akafika mkiani kwa kupitia maneno manne tu ya katikati.

Kinachonishika mimi ni lile sharti lake. Kila hatua lazima iwe halali. Kwa hivyo huwezi kunyooshea neno lolote kidole useme mema yaliharibikia hapa. Sema si neno baya. Soma ndilo neno tulilolelewa nalo. Hata koma, kuna wakati mtu hukoma kwa busara. Na bado ukifika mwisho umesimama kwenye baya.

Ngazi hiyo naijua. Nimeipanda.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, nikarudi nyumbani. Miezi miwili baadaye mto Nzoia ukafurika na Ziwa Victoria nalo likapanda, watu wa kwetu wakahamia kambini. Mama aliokoa ng'ombe wawili. Chuo kilipofunguliwa aliuza mmoja, akanitumia karo kwa M-Pesa.

Nililipa nusu. Hiyo ilikuwa halali, chuo kiliruhusu kulipa kidogo kidogo. Nusu nyingine nikanunulia laptopu iliyotumika, maana kazi za kuandika zilikuwa mtandaoni na pesa ningeirudisha mwezi huo huo. Kazi zenyewe zilikuwa insha za wanafunzi wa ng'ambo: wao wanalipa, mimi naandika, wao wanapata alama. Nikajiambia ni mazoezi ya kalamu. Zikawa nyingi, nikaanza kukosa vipindi vyangu ili nimalize vya wengine. Nikaahirisha muhula. Kuna fomu ya hiyo, na niliijaza vizuri. Muhula ukawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Mama akipiga simu anauliza, "Masomo yanaendeleaje, baba?" Namjibu, "Yanaendelea, mama." Na kweli yalikuwa yanaendelea. Ni mimi tu sikuwa ndani.

Hakuna asubuhi niliyoamka nikaamua kumdanganya mama yangu. Ukiniuliza tarehe niliyoacha chuo, sina.

Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo la aina hii, ambalo huhusishwa na mtu aliyeitwa Eubulides. Punje moja ya nafaka si fungu. Ukiongeza moja bado si fungu. Sasa ni punje gani inayogeuza punje kuwa fungu? Sisi hatuhitaji kwenda Ugiriki, tuna tuta la Nzoia, lile la udongo linalozuia mto usiingie mashambani. Mtu akichota karai moja akakandike nyumba yake, tuta linabaki tuta. Ng'ombe wakipanda na kushuka kwenda kunywa maji, linabaki tuta. Mwingine anapanda mistari miwili ya mahindi ubavuni mwake. Kisha mvua inanyesha mbali huko milima ya Cherangani, mto unashuka na hasira, tuta linakatika. Nani alilivunja? Kila mmoja atasema alichota karai moja tu, na kila mmoja atakuwa amesema ukweli.

Kuna jibu rahisi hapa, na mimi nililipenda miaka mingi: kama hakuna hatua iliyokosea, basi hakuna mkosaji. Ndiyo maisha.

Shida ya jibu hilo ni kwamba linapima kila hatua kwa hatua iliyotangulia tu. Kati ya soma na koma ni herufi moja, si kitu. Lakini mama hakuwa akilinganisha Jumanne na Jumatatu. Yeye alikuwa akihesabu kutoka kwa ng'ombe. Anayepanda ngazi huona herufi moja. Aliyekuamini mwanzoni ndiye anayebeba umbali wote. Kwa hivyo siku hizi sijiulizi tena kama hatua inaruhusiwa. Najiuliza kama ningeweza kumsimulia yeye siku hiyo hiyo. Hatua ya kwanza niliyoshindwa kusimulia ndiyo iliyokuwa mbaya, hata kama ilikuwa na fomu yake na muhuri.

Sisemi kuacha chuo ni dhambi. Nina marafiki waliokoma wakatangaza, wakakaripiwa siku nzima, na wiki iliyofuata wakala ugali na wazazi wao kama kawaida. Kosa langu halikuwa koma. Katika ngazi yangu sema lilikuwa neno la pili, na ndilo nililoliruka.

Asubuhi nilichukua lile daftari nikajaribu kurudi. Chuoni sirudi, kwa hivyo nikatafuta njia ya kutoka koma hadi mema bila kupitia soma. Ipo: koma, kama, mama, mema. Najua herufi hazithibitishi chochote, ni bahati ya lugha tu. Lakini kama ndilo neno nililoishi ndani yake muda wote huu. Kama nisingenunua laptopu. Kama mto usingejaa. Na kutoka hapo unaweza kwenda kaya halafu baya, au unaweza kwenda kwa mama.

Alikuwa uani akianika omena. Nikamwambia, "Mama, kuna jambo sijakwambia kuhusu yule ng'ombe."

Nikamweleza kwamba siko chuoni. Akaacha kuanika.

"Tangu lini?"

Hilo ndilo swali nisilokuwa na jibu lake. Nikavuta kigoda, nikaanza na ile nusu ya karo.