Kuacha au Kuhesabu?

Wako watu waliopatwa na kisukari, au unene uletao taabu, nao huuliza ni ipi njia bora ya kuitawala nafsi: kuacha vyakula vya wanga, yaani wali, muhogo, ndizi na mkate, au kula vyote kwa kuhesabu kalori. Swali laonekana kuwa la tabibu tu. Lakini tabibu hukaa na mgonjwa kitambo kidogo. Siku zilizobaki mgonjwa yupo yeye na chungu chake, na hapo swali huwa la moyo.

Njia hizi si ngeni. Mwaka 1863 William Banting, msimamizi wa mazishi mjini London, alieleza katika kijitabu jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Waliohesabu huifuata kazi ya Atwater wa Marekani, aliyeonyesha kuwa gramu 1 ya wanga hutoa kalori 4 hivi, na ya mafuta 9. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza habari za watu 609 walioangaliwa miezi 12. Waliopunguza wanga walipungua kilo 6 kwa wastani, waliopunguza mafuta kilo 5.3, wala hawakuagizwa kuhesabu kalori. Lakini katika kila kundi wengine walipungua sana, na wengine waliongezeka.

Sasa tutazame Pemba. Mtu aketipo Wete au Chake Chake mbele ya sinia moja na wenzake, atahesabu nini? Mkono haupimi gramu, wala mpishi hapimi tui. Tena ahesabuye kila tonge, nadhani, hulitumikia tumbo kwa njia nyingine, maana hukiwaza chakula kutwa.

Kuacha ni kwepesi zaidi, kwa kuwa neno ni moja. Lakini kuna gharama, na mara nyingi hulipwa na wengine. Muhogo ndio shibe ya nyumba nyingi. Auachaye atataka samaki na mayai zaidi, na fedha ni ile ile. Ikiwa baba apewa kitoweo chote ili apungue, na watoto wabaki na muhogo mtupu, je, huko ni kujinyima? Mimi nakuita ulafi uliovaa kanzu.

Tena yuko jirani. Wakristo wa Pemba ni wachache, na siku ya Idi huletewa sahani na jirani zao Waislamu. Paulo alipowaandikia Wakorintho habari za chakula, alimfikiri sana yule aliye karibu na mlaji.

Basi rai yangu ni hii: nyumbani mtu apunguze wanga sahanini mwake, aongeze mchicha, na samaki achukue fungu lake tu, kwa jirani ale kidogo kwa shukrani. Atumiaye dawa za kisukari asianze bila tabibu, maana sukari yaweza kushuka mno damuni hata akazimia. Na mume amwulize mkewe kwanza, kwa kuwa kuni za chungu cha pili ataokota yeye.