Je, Katapila Kuukuu Lina Bei Gani ya Haki?



Hivi karibuni tuliulizwa swali ambalo mwanzoni tulidhani ni la mafundi peke yao. Mjane mmoja anataka kuuza katapila la kijiko aliloachiwa na marehemu mumewe. Kikundi cha vijana kinalitaka, kichimbe malambo na kupakia kifusi. Mama yule alikuwa tayari kupokea chochote, kwa kuwa ada ya chuo ya mwanawe ilikuwa imekaribia. Mmoja wa vijana alikuwa amekwisha kumwambia, "Shikamoo Mama. Hili limekufa, tunakusaidia tu kuliondoa uani." Lakini jioni ile ile aliwaambia wenzake kwamba injini ni nzima. Wenzake wakaona haya, wakaja kutuuliza: bei ya haki ni ipi?

Sisi watu wa Hanang si wageni wa mitambo. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Canada, yalileta matrekta makubwa na makombaini katika uwanda wa Basotu. Twajua basi kwamba umri wa mashine peke yake hausemi kweli, na rangi mpya husema uongo. Hata saa inayohesabu kazi ya injini yaweza kubadilishwa.

Kwa hiyo yatupasa kwanza kupima. Katika katapila, cheni na vyote vinavyoizunguka ndiyo sehemu inayokula fedha. Matengenezo yake huweza kufikia karibu nusu ya gharama zote za kulitunza. Tutazame meno yanayozungusha cheni: yakichongoka kama misumari, yamekwisha. Tutazame rola, pini na bushi. Injini iwashwe ikiwa baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla mgeni hajafika. Kijiko kiinuliwe kikiwa na mzigo, kisha kiachwe juu tuone kama kinashuka chenyewe. Mikono yake ikaguliwe kama imewahi kuvunjika na kuungwa.

Baada ya hapo hesabu si ngumu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katapila la aina hiyo lililo zima huuzwa shilingi milioni 60. Cheni na rola zahitaji milioni 22, pampu milioni 3, na kulisafirisha milioni 2. Inabaki milioni 33. Mnunuzi ana haki ya kupunguza kidogo kwa ajili ya hatari ya ubovu usioonekana. Wala bei haiwezi kushuka chini ya thamani ya chuma chakavu kwa kilo.

Je, tumekwisha kuipata haki? Bado. Hesabu hii ni ya yule anayejua. Mama hajui cheni ni nini, na vijana wanajua. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamtaja mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenyewe, kisha akienda zake anajisifu. Mara nyingi twamkemea muuzaji anayeficha ubovu. Mnunuzi anayeficha uzima twamwita mwerevu. Lakini dhambi ni ile ile, imegeuzwa upande tu.

Wako watakaosema kwamba fundi aliusomea ujuzi wake kwa miaka mingi, kwa nini augawe bure? Hoja hii ina uzito. Ujuzi una malipo yake, na fundi alipwe ujira wake waziwazi. Lakini kuutumia ujuzi ili kumwambia mjane neno ambalo si kweli, huko si kulipwa. Ni kuchukua.

Kuna jambo lingine, nalo ni shida ya mtu. Thomas Aquinas, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13, alifundisha kwamba muuzaji aweza kuongeza bei kwa sababu ya hasara atakayoipata kwa kuachana na kitu chake, lakini asiongeze kwa sababu tu mnunuzi anakihitaji sana, kwa kuwa ile shida si mali ya muuzaji hata aiuze. Tukumbuke tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Siku zile mitambo ilihitajiwa kuliko dhahabu. Mwenye katapila ambaye angepandisha bei mara tano asingekuwa anauza kazi ya mashine. Angekuwa anauza vilio vya watu. Basi na ada ya mtoto wa mjane ni vivyo hivyo. Haipunguzi hata jino moja la cheni, kwa hiyo isipunguze hata shilingi moja ya bei.

Hatukuwapa vijana namba. Tuliwaambia watafute fundi mmoja, alipwe nusu na mama na nusu na wao, apime mbele ya wote, kisha aandike ubovu na uzima katika karatasi moja. Na yule aliyesema katapila limekufa, aende kwa mama akaseme liko hai. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwao kuliko kupata fedha. Alikwenda.

Huenda bei ikawapanda sasa. Lakini hapa Mogitu hatuuziani na wapita njia. Tutakutana tena mnadani, kisimani na msibani. Bei ya haki ni ile ambayo mmoja wetu akija kujua yote aliyoyajua mwenzake, bado wataweza kusalimiana na kutazamana usoni.