Aliyepiga Goti

Matokeo ya ngumi huandikwa kwa mstari mmoja tu. Fulani kampiga fulani, KO, raundi ya tano. Basi. Unasoma huku unakunywa chai, unageuza ukurasa, unatafuta habari za Simba na Yanga. Mimi leo nataka tukae kidogo kwenye mstari huo, maana kuna watu ambao hawakuandikwa pale.

Septemba 3, 2022, kule Liverpool, Uingereza, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipigana na Liam Smith. Raundi ya nne mwamuzi akasimamisha pambano, Smith mshindi. Mwakinyo alilaumu mguu ulioumia na viatu vilivyombana. Hapa Mirongo hatukungoja daktari aseme. "Muoga huyo!" "Kauza pambano!" Ni Mwakinyo yule yule ambaye mwaka 2018 alimmaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, tukavimba vichwa nchi nzima. Nami nilikuwamo kwenye kushangilia, na nilikuwamo kwenye kuzomea.

Swali langu ni hili: aliyekaa kwenye benchi ana haki gani ya kumwita muoga mtu aliyesema basi?

Februari 25, 1995, London, Mmarekani Gerald McClellan alipigana na Nigel Benn. Raundi ya kwanza alimtupa Benn nje ya kamba. Raundi ya kumi yeye mwenyewe akapiga goti, akainuka, akapiga goti tena, akahesabiwa mpaka kumi. Wapo waliosema pale pale kwamba kakata tamaa. Muda mfupi baadaye akaanguka kwenye pembe yake. Damu ilikuwa imevilia ndani ya kichwa. Alipasuliwa, akanusurika, lakini hakuona tena. Goti lile walilodhani ni uoga lilikuwa mwili unaoomba msaada.

Mtanijibu: bondia analipwa, na sisi tumetoa kiingilio. Kila anayeumia akiacha, ngumi zitakuwa wapi? Tena wapo kweli wanaouza mapambano. Hoja hii siidharau hata kidogo. Lakini tujiulize, tumenunua nini? Tumenunua pambano lenye sheria zake, na kuacha kumo ndani ya sheria hizo. Tazama mchezo ule unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Usiku wa Novemba 12, 1993, UFC ilipoanza pale Denver, Marekani, Royce Gracie aliwashinda watu watatu usiku mmoja, na wote watatu walikubali kushindwa. Mpaka leo anayekabwa hupiga-piga kwa kiganja, anaachiwa, anarudi nyumbani na shingo yake. Kwenye matokeo anaandikwa kashindwa. Hilo ndilo deni lake, kalilipa. Deni la kufa hakulitia saini.

Na yule anayeuza? Moyo wake siuoni, nawe huuoni. Basi tupime makosa mawili. Nikimheshimu muoga, nimepoteza kiingilio. Nikimzomea aliyeumia mpaka akainuka, nimepoteza mtu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tumelelewa na mashindano. Wagika na Wagalu wanapocheza ngoma, umati ndio mwamuzi: kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Desturi nzuri, maana pale anayeshindwa huumia jina tu. Kosa letu ni kuibeba desturi hiyo mpaka ulingoni, tukadhani kelele zetu ndizo hukumu. Ulingoni yupo mwamuzi, yupo daktari, yupo kocha mwenye taulo. Hao wanamwona bondia kwa karibu. Sisi tunaona jasho na taa tu.

Yupo kijana wa mtaa wetu, jina lake nalihifadhi. Usiku mmoja, kwenye ukumbi wa hapa hapa mjini, alipiga goti. Mwamuzi akaanza kuhesabu. Kijana hakumtazama mwamuzi, alitutazama sisi, washikaji zake. Tukapiga kelele: "Inuka bwana, usituaibishe!" Sauti yangu ilikuwamo, naijua. Kwenye saba akainuka, akamwambia mwamuzi yuko sawa. Ngumi iliyofuata sikuiona, nilisikia mlio wake tu.

Siku hizi tukikutana kando ya Mto Mirongo ananiuliza mama hajambo. Namjibu hajambo. Tunatembea hatua chache, tunaongea mambo ya mtaani, halafu ananiuliza tena, kwa upole ule ule, mama hajambo. Namjibu tena hajambo.

Matokeo ya usiku ule yalisema KO, raundi ya tano. Yaliandika jina la aliyepiga na jina la aliyepigwa. Langu halikuwamo.