Jembe na Kikao
Mwanamke anayelima shamba bila kuulizwa lipandwe nini bado ni kibarua, hata akiitwa mke. Kule Molo na Njoro nchini Kenya, mara nyingi aliyeolewa hukabidhiwa jembe mapema, lakini mashauri ya mbegu ya viazi na fedha za maziwa humpita. Wapo wasemao shamba ni la ukoo, na mgeni sharti ajifunze kwanza. Ni kweli, ajifunze. Lakini jasho lake lina thamani tangu siku ya kwanza, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi ya shamba kuwa mchango wa mwanandoa. Enyi wakwe, mpeni mkaza mwana nafasi kikaoni, si jembe peke yake.