Maumivu Yasiyoonekana

Wapo ndugu zetu ambao, kwa sababu ya unene uliodhuru afya yao, wamepasuliwa na kuvishwa mshipi kwenye mfuko wa chakula. Chini ya ngozi hushonewa kikopo kidogo, ambacho daktari hukitia maji ya chumvi kwa sindano ili kuukaza mshipi. Jeraha hufunga, walakini kwa wengine mahali pa kikopo huendelea kuuma miezi mingi. Nao hunyamaza, maana wameambiwa: "Mmejitakia kwa ulafi."

Ni nani aliyempa jirani kiti cha hukumu? Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, nao ukabaki. Wala hakuona haya kuwaandikia Wakorinto habari zake. Ewe mgonjwa, nawe sema. Kuchukua msalaba si kumficha daktari maumivu: pakivimba, pakiwa pekundu, pakitoa usaha, au ukishikwa na homa, usingoje kesho.

Nanyi wa nyumbani, mpokeeni ndoo na kuni. Injili haisemi kwamba Simoni wa Kirene aliuliza kosa la Bwana. Yatuambia tu kwamba alibeba.