Kampuni Itakufa, Kanda Zibaki

Wanangu, nimesikia mnataka kuanzisha lebo ya kutoa upya muziki wa zamani: dansi la miaka ya 1960, taarabu, nyimbo ambazo wazazi wenu walichezea na ambazo leo hazipatikani dukani. Nimefurahi, na sitawavunja moyo. Nina jambo moja tu la kuwausia, na nitalieleza kwa habari ya kampuni moja ya Marekani iliyoanza mwaka 1953 ikafilisika mwaka 1964. Iliitwa Riverside. Fanyeni kazi yenu kila siku mkijua kwamba kampuni yenu nayo itakufa. Jiulizeni tangu leo nani atazikuta kanda, na atazikuta katika hali gani.

Walioianzisha ni Bill Grauer na Orrin Keepnews, waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Walikuwa wakiendesha jarida dogo la wakusanyaji wa santuri, The Record Changer. Mwaka 1951 jarida hilo lilifichua kwamba kiwanda cha RCA Victor kilikuwa kikiwachapia watu santuri za wizi, na baadhi ya muziki ulioibwa humo ulikuwa wa RCA Victor yenyewe. Kampuni kubwa ilikuwa imesahau mali yake kiasi cha kutoitambua ikipita mikononi mwake! Baadaye RCA ikawapa vijana hao kazi ya kuchagua rekodi zake za kale na kuzitoa upya. Waliingia katika biashara hii kwa sababu walijua nini kimerekodiwa, lini, na nani alipiga. Mtaji wao wa kwanza ulikuwa ujuzi huo.

Riverside ilianza kwa kutoa upya jazi na bluzi za miaka ya 1920, hasa za kampuni mbili zilizokwisha kufa, Gennett na Paramount. Habari ya Paramount isikieni vizuri. Ilikuwa mali ya kiwanda cha viti cha jimbo la Wisconsin, ambacho kilitengeneza pia makabati ya gramafoni. Kwa wenye kiwanda, santuri zilikuwa za kusaidia kuuza makabati. Ma Rainey aliimba kwao, na Blind Lemon Jefferson pia. Biashara ilipodorora miaka ya 1930 walifunga, na sahani mama za chuma nyingi zikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Daftari za studio nazo zikapotea kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo waliokuja kuutoa upya muziki ule ilibidi wanakili kutoka kwenye santuri zilizochakaa za wakusanyaji. Kwa sehemu ndiyo maana hadi leo ukimsikiliza Ma Rainey unamsikia kama mtu anayeimba chumba cha pili huku jikoni wanakaanga samaki. Mwanamke yule alikuwa na sauti ya kujaza hema la maonyesho bila kipaza sauti. Kilichobaki kwetu ni kile ambacho uzembe wa wengine ulikiacha. Mimi hili linaniuma.

Grauer na Keepnews waliuona uharibifu huo kwa macho yao, nao walipoanza kurekodi wanamuziki hai hawakuurudia. Wa kwanza katika jazi mpya alikuwa mpiga piano Randy Weston, mwaka 1954. Mwaka uliofuata wakamchukua Thelonious Monk. Lebo aliyokuwa nayo ilimwachia kwa kulipwa deni dogo alilokuwa akidaiwa, dola 108 na senti 27. Wakati huo Monk hakuwa na kibali cha kupiga katika vilabu vya New York, na wengi walimhesabu kuwa mtu mgumu asiyeuzika. Keepnews alimvumilia. Mwaka 1956 walipokuwa wakirekodi Brilliant Corners, wimbo wenyewe uliobeba jina la santuri ulijaribiwa mara 25 bila kukamilika hata mara moja. Keepnews aliunganisha vipande vya kanda, na hicho ndicho tunachokisikia leo. Kama angekuwa mtu wa kufuta kanda ili aokoe gharama, tungekuwa tumeikosa moja ya kazi kubwa za karne ile.

Au mwangalieni mpiga piano Bill Evans. Santuri yake ya kwanza ya Riverside iliuza nakala kama 800 tu mwaka wa kwanza, na bado wakaendelea kumrekodi. Tarehe 25 Juni 1961 walipeleka mitambo katika klabu ya Village Vanguard wakarekodi maonyesho ya siku nzima. Siku 11 baadaye mpiga besi wa kundi hilo, Scott LaFaro, alifariki kwa ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 25. Kanda zikawekwa, zile zilizotumika na zile zilizobaki, na miaka mingi baadaye watu wakaweza kuisikia siku ile karibu yote.

Anguko nalo lina funzo lake. Mwaka 1959 kundi la Cannonball Adderley lilirekodi onyesho huko San Francisco, na santuri hiyo ikauzika sana. Kampuni ikanenepa haraka. Ikaanzisha lebo ndogo nyingine, zikiwamo Jazzland na Battle, ikatoa santuri nyingi kila mwaka. Mwaka 1963 Mongo Santamaría akailetea Battle wimbo uliovuma nchi nzima, Watermelon Man, na hata huo haukuiokoa. Msishangae. Kiwanda cha kuchapa santuri kinataka fedha yake mapema. Msambazaji anachukua mzigo leo, analipa anapotaka, na asipouza anakurudishia. Wimbo ukivuma ndipo unapolazimika kuchapa nyingi zaidi kwa fedha ambayo bado hujaipata. Lebo ndogo inaweza kufa kwa njaa wiki ile ile ambayo wimbo wake unapigwa kila redio. Grauer, ambaye ndiye aliyeshughulikia upande wa biashara, alifariki ghafla kwa maradhi ya moyo Desemba 1963. Mwaka uliofuata Riverside ikafilisika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nawaomba mlichukue neno hilo kama lilivyo, kwa maana ya daftari la kawaida lenye safu ya kuingia na safu ya kutoka. Na msidhani anayeumia ni mwenye lebo peke yake. Kampuni ikifilisika, benki husimama mstari wa mbele, na mwanamuziki anayedai mrabaha wake husimama nyuma kabisa, mara nyingi akiondoka mikono mitupu. Ukisema unapenda muziki, tenga fedha za wapigaji katika akaunti yao, usizichanganye na fedha za kuchapa santuri ijayo.

Lakini Riverside haikupotea kama Paramount. Kanda mama zilibaki, tarehe na majina ya wapigaji yalibaki, na Keepnews mwenyewe alikuwa hai akikumbuka kila kipindi cha studio. Mwaka 1972 hazina hiyo ikaingia mikononi mwa kampuni ya Fantasy ya California, na Fantasy ikamwajiri Keepnews. Akaanza kutoa upya kazi alizozirekodi mwenyewe. Mwaka 1986 rekodi zote za Monk za Riverside zikatoka katika kasha moja, na kasha hilo likampatia Keepnews tuzo za Grammy. Alifariki mwaka 2015. Paramount na Riverside zote mbili zilikufa, wanangu. Tofauti yake ni yale yaliyokuwa ndani ya maboksi.

Randy Weston nimemtaja kwa sababu nyingine pia. Mwaka 1960, akiwa ameshaondoka Riverside, alirekodi Uhuru Afrika, kazi kubwa iliyopangwa na Melba Liston kwa maneno ya Langston Hughes. Sauti inayoifungua inazungumza Kiswahili, na msemaji ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Kiswahili chetu kilikuwa studio New York mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu. Serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Kwa miaka mingi ilikuwa adimu, na mwaka 2003 lebo ya Mosaic ikaitoa tena. Mosaic ilichagua njia nyembamba: inakodi haki kwa muda, inachapa idadi maalumu ya nakala, inamuuzia msikilizaji moja kwa moja kwa posta. Nawashauri muifuate njia hiyo. Nakala 300 zilizolipiwa ni bora kuliko 3,000 zilizolala kwa msambazaji.

Kwetu hapa kazi ni nyingi. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, kwa sababu huku hapakuwa na pa kurekodia. Bendi zetu kubwa zilirekodiwa kwenye kanda za Radio Tanzania, na sehemu kubwa ya kazi hizo haikupata kuwa santuri. Mfululizo wa Zanzibara, uliofanya kazi nzuri mno ya kuuhifadhi muziki wa pwani, umetolewa na kampuni ya Ufaransa. Nawashukuru kwa moyo wote, na bado ningependa kuona jina la lebo ya Dar es Salaam au Mombasa kwenye mgongo wa jalada.

Kabla ya kuchora nembo, nendeni kwa wazee waliopiga muziki huo. Walio hai wamebaki wachache. Chukueni majina yote: aliyepiga rithimu, aliyepiga tumba, fundi mitambo, si mwimbaji peke yake. Mjue nani alitunga na nani warithi wake, na makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mjane asiyekuwa na wakili. Katika makubaliano hayo wekeni kifungu kinachosema siku lebo itakapofungwa haki zinarudi kwa wenyewe bila kesi. Wekeni pia kwamba nakala safi ya kanda inakabidhiwa kwa familia, pamoja na karatasi ya majina na tarehe, kabla santuri ya kwanza haijachapwa.